UZI: Dogo wa Montana aliyeisaka seli mama ya damu yote mwilini, karibuni tuchambue

BundiMsomi (mwenye uzi)

Wakuu habari za muda huu. Wiki mbili tatu hizi nimezama kwenye habari za damu na kuna kitu kimenikaa kichwani, nimeona nikiteme hapa. Uzi ni mrefu, wavivu wa kusoma piteni kimya kimya bila matusi.

Tuanze na hesabu. Mwili wa mtu mzima unatengeneza chembe nyekundu kama bilioni 200 kila siku. Chembe nyekundu moja inaishi siku kama 120 basi, chembe sahani zile za kugandisha damu siku 7 mpaka 10, na zile nyeupe za mstari wa mbele, zinazorukia bakteria bila kuuliza jina, nyingi hazimalizi hata siku. Sasa huo mzigo wote unatoka wapi? Unatoka kwenye uloto, ule ute ulioko ndani ya mifupa, na humo ndani kuna kikundi kidogo cha seli zinaitwa seli shina za damu. Hizo ndio bibi wa wote. Kwao wanatoka wabeba hewa, wagandisha damu na jeshi zima la kinga.

Mtu ninayetaka kumleta mezani anaitwa Irving Weissman. Kazaliwa 1939, kakulia Great Falls, mji mdogo tu kule Montana, Marekani. Akiwa bado anasoma sekondari akaenda kuomba kazi maabara kwa mzee mmoja wa patholojia anaitwa Ernst Eichwald. Na huyu Eichwald msimdharau kwa kuwa alikuwa mji mdogo, mwaka 1955 yeye na mwenzake walitoa kitu cha ajabu: panya wa ukoo mmoja, wamezalishana ndugu kwa ndugu mpaka wanafanana kama mapacha, ukimpandikizia jike ngozi ya jike mwenzie inashika, ukimpandikizia jike ngozi ya dume anaikataa. Yaani kinga ya jike inaona kitu cha kidume pale na inasema hapana wewe mgeni. Dogo ndio kakulia kwenye maswali ya namna hiyo, nani mwenyeji nani mgeni na mwili unajuaje.

Baadae akaenda Stanford kusoma udaktari, akabaki huko huko na utafiti. Nakuja na sehemu ya pili, ngoja nichaji simu.

KitiChaMbele

Nimeshakaa. Mwenye karanga apitishe.

Tomaso

Mkuu umeanza vizuri ila nina swali mapema. Kama hizo seli zipo kwenye uloto shida ilikuwa nini? Si unachukua uloto unaweka kwenye hadubini unaziona, ndio kumsifia mtu hivyo?

BundiMsomi

Tomaso hapo ndipo utamu ulipo na ndio sababu ya uzi wote huu. Seli shina ya damu HAIJULIKANI KWA SURA. Ukiiweka kwenye hadubini ni kiseli kidogo cha mviringo kinafanana na limfosaiti (aina ya chembe nyeupe za kinga) yoyote ile. Hii unaijua kwa wajukuu zake tu. Unaichukua, unaiweka kwa panya ambaye uloto wake umeuliwa, unakaa unasubiri uone ataishi au atakufa, na akiishi unaangalia je aina ZOTE za seli za damu zimerudi au zimerudi baadhi.

Na kipimo hicho kimetokana na mabomu. Baada ya Hiroshima na Nagasaki 1945 wanasayansi walikuwa wanahangaika kujua mionzi inaua vipi, wakaona wanaokufa baada ya wiki mbili tatu wanakufa kwa sababu uloto umeungua, damu haitengenezwi tena. 1949 mtafiti mmoja wa Marekani, Leon Jacobson, akaona panya akipigwa mionzi huku bandama yake imefunikwa na risasi, namaanisha ile metali ya risasi, anapona. Baadae wakaona hata ukimwingizia uloto wa mwenzie anapona.

Halafu wanakuja jamaa wawili Toronto, Canada, James Till na Ernest McCulloch. Mmoja mtu wa fizikia mwingine daktari. McCulloch akaingia maabara siku ya Jumapili, peke yake, kuangalia panya wa siku ya kumi baada ya kupandikizwa uloto. Akaona bandama zina vinundu. Akahesabu. Idadi ya vinundu inaendana na idadi ya seli walizochomwa panya kwa sindano, kinundu kimoja kwa seli kama 10,000. Wakatoa ripoti 1961, na 1963 wakaonyesha kwamba kila kinundu kimetokana na seli MOJA. Moja mkuu! Ndani ya kinundu unakuta nyekundu na nyeupe za aina kadhaa, wote watoto wa mama mmoja.

mwanakijiji_wa_mtandaoni

Aisee kwa hiyo mtu angekuwa kaenda zake kupumzika Jumapili ile tusingejua 😂

Tomaso

Sasa kama Till na McCulloch walishamaliza 1961 huyo Weissman wako kafanya nini cha ziada? Naona ni kama mtu anapewa sifa za wengine.

BundiMsomi

Wao walionyesha kwamba ipo. Mkononi hawakuwa nayo. Ni kama unajua humu ukumbini kuna mwizi kwa sababu pochi zinapotea, ila kumshika kola ni kazi nyingine. Na baadae ikaja kuonekana vinundu vingi vya bandama vilitokana na watoto wa seli shina, wale wa ngazi ya pili wanaofanya kazi kwa muda kisha wanaisha, bibi mwenyewe bado amejificha.

Weissman alianzia kwenye thaimasi, ile tezi ya kifuani juu ya moyo. Alitaka kujua seli zake zinatoka wapi na zikitoka pale zinaenda wapi. Kumbukeni mpaka 1961 thaimasi ilihesabiwa kama kitu cha bure bure, mpaka Jacques Miller alipoitoa kwa panya wachanga kule London akaona wanakua dhaifu, hawana kinga, ukiwapandikizia ngozi ya panya mwingine hawana hata nguvu ya kuikataa. Huyu na Max Cooper, aliyefanya ya kwake kwa kuku, ndio walitupa mgawanyo wa seli T (zinazofunzwa kwenye thaimasi) na seli B (zinazotengeneza antibodi, protini za kunasa wavamizi), wakaja kupewa tuzo ya Lasker 2019, miaka karibu 60 baadae!

Sasa Weissman akafuata mto kuelekea kwenye chanzo. Seli T zinatoka thaimasi, thaimasi inazipata kutoka kwenye uloto, je huko kwenye uloto ni nani hasa anazituma? Zana mbili zikamsaidia. Moja, antibodi za aina moja moja, zile zilizogunduliwa na Köhler na Milstein 1975, unaweza kuzitumia kama bendera, kila antibodi inashika alama yake kwenye ngozi ya seli. Mbili, mashine ya Leonard Herzenberg pale pale Stanford ambayo inapitisha seli moja moja kwenye mwanga wa leza na kuzichambua kwa rangi ya bendera, hii kushoto hii kulia, maelfu kwa sekunde.

Wakaanza kutupa. Seli yenye alama ya B itupe. Yenye alama ya T itupe. Yenye alama ya nyekundu itupe. Wakabaki na kisehemu kidogo kama 0.05 kwa mia ya uloto wote, yaani moja kwenye 2,000. Mwaka 1988 Spangrude, Heimfeld na Weissman wakatoa matokeo: panya aliyepigwa mionzi ya kumuua kabisa, ukimpa seli 30 tu za hizo, nusu ya panya wanapona, na waliopona damu yao yote imerudi, nyekundu, nyeupe, T, B, kila kitu. Seli THELATHINI.

1992 wakafanya na za binadamu, wakitumia panya wasio na kinga waliopandikizwa vipande vya thaimasi na uloto wa binadamu ili seli za mtu zipate pa kukulia.

KitiChaMbele

Thelathini?? Hapa darasani kwetu tu tupo zaidi ya hapo na hatuwezi kufagia uwanja

DadaMkubwa

Jamani nimesoma uzi huu machozi yananilenga. Mimi ni mchangiaji. Mdogo wangu wa kiume aliugua kansa ya damu, tukapimwa ndugu wote wanne, mimi ndio alama zangu za kinga zikalingana na zake. Nikachomwa sindano siku kama tano mfululizo mifupa ikawa inauma kama inataka kupasuka, daktari akasema ndio dalili uloto unafanya kazi, zile seli zinatolewa kwenye mifupa zinaingia kwenye damu. Kisha nikakalishwa kwenye mashine masaa, damu inatoka mkono huu inarudi mkono huu. Nikadhani watamfanyia operesheni kubwa, kumbe alitundikiwa mfuko kama anaongezewa damu ya kawaida! Nikauliza mbona hamumchomi kwenye mfupa wakanijibu zinajua njia. Sikuelewa mpaka leo. Zinajuaje?

Sista_wa_Zamu

Dada hongera sana kwa moyo huo. Nimefanya kazi wodi ya wagonjwa wa aina hiyo, ngoja nijibu ninavyojua. Ndani ya uloto kuna seli walezi ambazo zinatoa kemikali fulani inayoita, na seli shina zina kipokezi cha huo wito usoni. Zikipita kwenye mishipa ya damu zikafika sehemu wito ni mkali zinashika ukuta, zinapenya, zinakaa. Zile sindano za siku tano zilikuwa zinavuruga huo wito ili seli zako ziachie.

Na kulingana kwenu ndugu wa baba mmoja mama mmoja ni bahati, kila ndugu ana nafasi moja kwa nne ya kulingana na mgonjwa kikamilifu.

Wodini ile siku ya kutundikiwa tunaiita siku ya sifuri. Halafu ni kuhesabu. Wiki mbili mpaka nne mgonjwa hana askari kabisa, chumba chake unaingia umenawa mpaka viwiko. Asubuhi unakimbilia majibu ya maabara uone kama chembe nyeupe zimeanza kupanda. Siku chembe zikipanda wodi nzima mnacheka.

DadaMkubwa

Sista umenikumbusha. Siku ya 17 ndio zikaanza kupanda. Mama alikuwa amekaa nje kwenye benchi akaambiwa akapiga vigelegele mpaka mlinzi akaja.

Halafu kitu kingine, yeye alikuwa grupu A mimi O. Sasa hivi ni O. Na ilibidi achanjwe upya chanjo zote kama mtoto mchanga, mwanaume ana ndevu! Hii ya chanjo ndio sikuielewa, kama seli zangu zimeenda kwake na mimi nilishachanjwa si angekuwa na kinga yangu?

BundiMsomi

Dada swali lako ni zuri kuliko uzi wangu wote.

Seli shina haikumbuki ugonjwa wowote. Kumbukumbu inakaa kwa wajukuu, zile seli T na B za kumbukumbu ambazo zilishakutana na surua au pepopunda. Kila seli T au B changa inapotengenezwa inakatakata na kuunganisha vipande vya jeni zake kwa bahati nasibu ili ipate kipokezi chake cha kipekee. Susumu Tonegawa ndiye alionyesha hilo kwenye antibodi miaka ya 1970 akapata Nobel 1987. Seli shina yenyewe bado haijacheza bahati nasibu hiyo, ina karata zote hazijachanganywa. Kwa hiyo ulichompa mdogo wako hasa ni kiwanda. Seli chache za kumbukumbu zako zilisafiri pamoja nazo ila huwezi kuzitegemea, na za kwake za zamani ziliteketezwa na dawa kabla. Jeshi jipya ni makuruta watupu, lazima waonyeshwe adui upya.

Na seli T lazima zipite shule ya thaimasi, na shule yenyewe ni ya kikatili, zaidi ya 95 kwa mia ya wanafunzi wanakufa humo humo, asiyetambua chochote anakufa, anayeshambulia mwili wenyewe anakufa. Ubaya thaimasi inasinyaa na umri, inageuka mafuta. Ndio maana mtoto akipandikizwa seli T zinarudi haraka, mtu mzima inaweza kuchukua mwaka, miwili.

Sista_wa_Zamu

Sahihi. Chanjo zilizokufa zinaanza miezi 6 mpaka 12, zile hai kama ya surua tunasubiri kama miaka miwili.

mpambanaji_halali

Wakuu uzi mzuri. Kwa wanaohitaji seli shina bila hospitali wala sindano nina bidhaa ya unga, pakiti moja asubuhi kabla ya kula, inafufua seli zako, inatibu presha, kisukari, nguvu za kiume, uvimbe. Njoo inbox.

Tomaso

Nilikuwa namsubiri huyu 😂😂 nilijua atakuja tu

BundiMsomi

Mpambanaji nakuheshimu ila hapana. Seli shina ni kitu hai, ukiikausha ikawa unga imekufa, ukiimeza tumbo linaimeng'enya kama nyama nyingine yoyote. Na hata ungemeza iliyo hai ingepitaje ukuta wa utumbo ikafika kwenye mfupa? Huyu huyu Weissman alipokuwa rais wa chama cha kimataifa cha watafiti wa seli shina alipambana sana na kliniki zinazouza matibabu ya aina hii kwa watu waliokata tamaa. Seli shina ya damu inatengeneza damu na kinga. Haiwi ubongo, haiwi kongosho. Maabara yake ilipima hilo kwa panya 2002, ikapandikiza seli shina moja moja yenye alama, ikatafuta kwenye viungo vingine, ikakuta karibu hakuna kitu nje ya damu.

mpambanaji_halali

Watu wana ushuhuda lakini

mwanakijiji_wa_mtandaoni

Ushuhuda uko kwenye pochi yako

Tomaso

Tuache utani, nina hoja. Bundi unamsifia mzee wako lakini nimefukua kidogo. Ana makampuni. Moja iliyotokana na maabara yake, Forty Seven, ilinunuliwa na kampuni ya dawa ya Gilead 2020 kwa dola bilioni 4.9, dawa yenyewe magrolimab, majaribio ya kansa ya damu yakasimamishwa 2023 na 2024 kwa kushindwa kuonyesha faida. Sasa hiyo ni sayansi au ni biashara?

BundiMsomi

Nakubali Tomaso na sitamtetea kwa hilo, imefeli kwenye kansa za damu walizoijaribia na bora wote wajue. Ila ngoja niwape chanzo chake maana kinatoka humu humu kwenye seli shina. Seli shina ikitoka kwenye mfupa kuzurura kwenye damu inakutana na makrofeji, zile chembe nyeupe za ulaji zinazomeza wavamizi na seli mbovu, kwa hiyo inapandisha protini usoni inaitwa CD47 ambayo inasema "usinile". Timu ya Weissman wakaona seli za lukemia (kansa ya damu) zinaiba ujanja huo huo, zinavaa CD47 kwa wingi. Wakasema basi tuifunike hiyo alama ili makrofeji wazile. Shida chembe nyekundu nazo zina CD47, mgonjwa anapungukiwa damu. Kwenye panya ilipendeza, kwa binadamu ikagoma. Biashara ilikimbia mbele ya sayansi, sina ubishi hapo.

Mimi kinachonivuta zaidi ni habari ya uzee. Mwaka 2014 Waholanzi walichunguza damu ya bibi mmoja, Hendrikje van Andel-Schipper, aliyefariki 2005 akiwa na miaka 115. Chembe nyeupe zake nyingi zilikuwa zinatoka kwenye seli shina MBILI tu. Sisi wengine tuna kama 50,000 mpaka 200,000 zinazofanya kazi, makadirio hayo yalitoka 2018 kwa kusoma makosa madogo madogo ya DNA kwenye damu ya mwanaume wa miaka 59. Bibi alibakiwa na mbili na akili zake timamu.

KitiChaMbele

Mbili?? Dah. Hao wafanyakazi wawili wapewe likizo

BundiMsomi

Halafu zile zinazobaki uzeeni hazigawi sawa. Wako wanaopendelea kutengeneza limfosaiti, T na B, na wako wanaopendelea upande wa wale walaji na warukaji wa mstari wa mbele. Umri ukienda hawa wa pili wanazidi. Ndio maana mzee anachanjwa mwili hauitikii vizuri, na uvimbe wa ndani kwa ndani, ule wa kinga kuwaka ovyo, hauishi.

Machi 2024 timu ya Weissman na ya Kim Hasenkrug, wa maabara ya serikali iliyoko Montana, duniani ni mzunguko kweli, wakatengeneza antibodi za kuondoa hizo seli shina zinazopendelea upande mmoja. Panya wazee wa miezi 18 mpaka 24. Limfosaiti changa zikaongezeka, dalili za uvimbe zikapungua, na walipowachanja kisha kuwaambukiza kirusi walijilinda vizuri kuliko wazee wenzao ambao hawakutibiwa. Ni panya, narudia ni PANYA, mpambanaji usije ukabandika hii kwenye pakiti zako.

Tomaso

Hiyo nakubali ni nzuri. Kwa hiyo ni kama kung'oa magugu, hujapanda kitu kipya, umewapa nafasi waliokuwepo.

BundiMsomi

Umeelewa kuliko mimi nilivyoandika.

mama_wa_watatu

Samahani nimechelewa. Kwa mtoto tumboni hizo seli zinaanzia wapi? Maana mifupa yenyewe bado haijakuwepo.

BundiMsomi

Mama zinazaliwa kwenye ukuta wa mshipa mkubwa wa damu unaopita mgongoni kwa kiinitete. Seli za ukuta zinajikunja, zinachomoka, zinaanguka ndani ya mkondo. Mwaka 2010 watu waliwarekodi samaki wadogo wanaopitisha mwanga, wakaona kwa macho seli ya ukuta inageuka seli ya damu. Kisha zinahamia ini, hapo zinazaana sana, ndio mwishoni kabla ya kuzaliwa zinahamia kwenye mifupa. Kuna makrofeji zinatangulia hata kabla ya hapo, zinatoka kwenye kifuko cha kiini, ule mfuko mdogo unaoambatana na kiinitete mwanzoni, na zile zinazoingia kwenye ubongo zinakaa humo maisha yote.

DadaMkubwa

Naomba swali la mwisho nilale. Mdogo wangu akipimwa DNA kwa damu itaonyesha nani?

Sista_wa_Zamu

Wewe dada. Damu yake itasoma wewe. Mzizi wa nywele utasoma yeye mwenyewe. Mate mchanganyiko, maana kwenye mate kuna chembe nyeupe.

DadaMkubwa

Hahaha kumbe. Nilimkopesha hela mwaka jana, kila nikimdai ananijibu "dada sisi si damu moja." Nilidhani ananipiga kalenda tu. Kesho namwonyesha uzi huu, alipe kwa mzizi wa nywele.